Zege la Maji ya Harusi

Mimi si mtu wa kunyamaza, na mume wangu alilijua hilo kabla hajaniposa. Kwa hivyo mtu akiniuliza nani aliyejenga wodi ya wazazi ya zahanati yetu hapa Likoni, simwachi aende zake mpaka nimemweleza. Alijenga mume wangu, mwashi wa hapa hapa, aliyefunzwa kazi na babake kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Na maji ya zege lake nayajua yalikotoka, maana mengine niliyaomba kwa mdomo wangu huu.

Zamani kazi za serikali hazikuwa zetu. Ikijengwa shule, ikijengwa nyumba ya askari, tenda ilitolewa huko Nairobi, na kontrakta alivuka kwa feri na watu wake, mashine zake, hata mpishi wake. Wanaume wetu waliajiriwa kubeba karai. Mume wangu, ambaye nusu ya nyumba za mtaa huu zimesimama kwa mikono yake, alibeba karai mbele ya milango aliyoijenga mwenyewe. Nikipita hapo kwenda sokoni nilikuwa nikigeuza uso. Si haya, ni hasira.

Kisha, miaka ya themanini, serikali ikageuza mambo. Tulisikia redioni, tukasikia tena barazani kwa chifu, kwamba kazi ndogo ndogo za umma sasa zitaamuliwa wilayani, na makontrakta wadogo wa mahali wapewe nafasi kwanza. Watu walipiga makofi, wakarudi nyumbani wakacheka, wakasema ni maneno ya baraza tu. Mume wangu hakucheka. Alikwenda akajisajili, akangoja, akaitwa, akarudi na kazi. Lakini neema ile ilikuja na masharti. Kila hatua ingekaguliwa na injinia wa wilaya, na akikataa hatua moja tu, jina lafutwa na kazi yarudi kwa kontrakta wa ng'ambo ya feri.

Kazi yenyewe ndiyo hiyo wodi ya wazazi. Asiyekaa upande wetu hajui maana yake. Wakati huo mwanamke akishikwa na uchungu, asipokuwa na mkunga wa kumwamini, alipelekwa kisiwani, na kwenda kisiwani ni kungoja feri. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alimzaa binti yake feri ikiwa katikati ya maji, amezungushiwa leso na wanawake asiowajua. Binti akakua akitaniwa shuleni, mtoto wa feri, mtoto wa feri, na mamake akipigana na wazazi wa wenziwe kwa ajili hiyo.

Mimi na jirani huyo tulikuwa hatusemezani, tangu nilipoziba njia ya maji yake machafu iliyopita uani kwangu. Habari za kazi ya mume wangu zilipoenea, alisimama kisimani mbele za watu akasema, "Haya, na makontrakta wa mabanda ya kuku nao wamekuwa makontrakta wa serikali!" Wallahi, nilitaka kumvua ushungi. Nikapiga marufuku jina lake nyumbani kwangu.

Injinia alikuwa kijana wa kutoka bara, mpole, Kiswahili chake cha kukata kata lakini adabu anayo. Siku ya kwanza alikwenda moja kwa moja kwenye kisima cha pale kiwanjani. Kisima hicho kilichimbwa na babu wa mume wangu, na mtaa mzima umejengwa kwa maji yake. Kijana akachota kwa kiganja, akaonja, akatema.

"Mzee, haya yana chumvi. Hayaingii kwenye zege."

"Haya yamejenga Likoni nzima!"

"Yamejenga mawe na chokaa, mzee. Chokaa haijali. Lakini zege lina vyuma ndani, na chuma kikila chumvi kinashika kutu, kinavimba, kinapasua zege. Maji ya mfereji pekee. Ndiyo amri mpya kwa majengo yote ya umma."

Mume wangu alirudi nyumbani anafoka. Mtoto wa juzi, hajui hata bahari ina rangi gani, anamtemea maji ya babu yake! Nilimpakulia wali, nikamwacha aseme mpaka koo likamkauka. Kisha nikanyoosha kidole juu ya mlango wa jikoni. Hapo alikuwa amemwaga zege mwenyewe, na vyuma ndani, kwa maji ya kisima hicho hicho, na lilikuwa limepasuka kitambo, linatoa maji ya kutu kila masika.

"Simiti ya mwaka ule ilikuwa mbovu," akasema.

"Na ya mwaka wa dirisha la chumbani? Na ya mwaka wa ngazi ya msikitini? Simiti ya kila mwaka mbovu, bwana?"

Akanyanyuka, akatia kidole kwenye ule ufa, kikatoka na kutu. Halafu akarudi akamaliza wali wake. Asubuhi alikwenda kwa yule kijana akamwambia, "Haya, nieleze vizuri." Mtu wa umri wake, na jina lake mtaani! Najivunia jengo lile, lakini kwa asubuhi ile najivunia zaidi.

Injinia akaamuru kisima kifunikwe kwa mbao na mawe, mtu asije akachota kwa mazoea. Mume wangu akaanza kukusanya maji matamu. Mfereji wa Likoni ulikuwa ukija unapotaka wenyewe, leo upo kesho haupo, kwa hivyo alijaza mapipa kidogo kidogo kutoka kwa wauza maji wa mikokoteni, akayafunika, akayalinda utadhani yana asali. Vyuma vikafungwa, mbao zikapigwa, boriti zikasimamishwa kuzishikilia. Siku ya kumwaga slabu, yaani dari lenyewe la zege, ikapangwa iwe Jumamosi.

Slabu ukishaanza kuimwaga husimami. Ukisimama katikati, zege la kwanza linakauka, la pili haliungani nalo, na hapo ndipo mvua itakapopitia. Injinia alisema waziwazi, "Mkisimama, siweki sahihi." Basi mafundi wakaanza alfajiri, wengine wakikoroga, wengine wakipanda ngazi na makarai, na sala wakakubaliana wasali kwa zamu.

Mimi nilikuwa mpishi wao siku hiyo. Nilipofika na sufuria ya chakula, adhuhuri imeshaadhiniwa, nikakuta mapipa mawili yako wazi, matupu, na la mwisho limebaki na maji ya chini tu. Nikauliza maji yako wapi. Fundi mmoja akanijibu huku akikunja kanzu yake, uso bado unang'aa kwa maji:

"Si tumetawadha, mama."

Lahaula! Kisima kilikuwa kimefunikwa, na Mwislamu akisikia adhana hutafuta maji, na maji yaliyokuwa mbele yao ni yale. Walitawadha zamu ya kwanza, wakatawadha zamu ya pili. Na wenzetu Wakristo wa kutoka Kaloleni, kwa kuona wenzao wananawa na jua lenyewe lilivyokuwa kali, nao wakanawa, uso, shingo, mpaka miguuni. Hakuna aliyefikiri. Mtu hujui kuwa unafanya kosa unapofanya jambo unalolifanya kila siku ya maisha yako.

"Mmetawadhia zege!" nikapiga kelele. "Mkasali vizuri basi, mwombe na maji!"

Mume wangu alishuka ngazi. Akachungulia pipa moja, akachungulia la pili, akatazama juu kwenye ile pembe iliyobaki haijamwagwa. Mfereji siku hiyo haukuwa na hata tone, na wenye mikokoteni walikuwa wamekaa juu ya mitungi mitupu. Kisha nikamwona anatazama zile mbao zilizofunika kisima. Nilijua hapo ndipo kila kitu kilipo, jina lake, kazi, na miaka yote ile ya karai.

"Bosi," fundi mmoja akanong'ona, "madebe machache tu. Injinia ameenda kula. Nani atajua?"

"Mlango wa jikoni kwangu utajua," mume wangu akajibu. "Korogeni polepole kwa haya yaliyobaki."

Nikaiweka sufuria chini. Nilijua nyumba moja yenye maji matamu, na nilijua ni ya nani. Binti wa jirani yangu, yule wa feri, alikuwa anaolewa kesho yake. Kwetu harusi ni pilau, na pilau haipikwi kwa maji ya kisima labda mtu atake kusemwa hadi wajukuu wake. Jirani alikuwa ameweka mapipa matatu ya maji ya mfereji uani, na mtaa mzima ulijua, kwa vile mwenyewe alihakikisha mtaa mzima unajua.

Sijawahi kuiona njia fupi vile ikawa ndefu. Nilipiga hodi. Ua ulikuwa umejaa shangazi na makungwi wanachambua mchele, na wote wakaacha kuchambua waliponiona.

"Karibu," jirani akasema, kwa sauti ya mtu anayesema toka.

"Nimekuja kuomba maji."

"Maji gani?"

"Ya pilau."

Shangazi mmoja akaguna. Nikamweleza yote, ya wudhu, ya slabu, ya injinia. Sikupamba wala sikulia. Nikamalizia, "Unaweza kunifukuza, na ni haki yako. Lakini ile si nyumba yangu wala ya mume wangu. Ni ya wanawake wasizalie majini."

 Bi harusi akachungulia kutoka chumbani, hina mbichi mikononi.

"Wewe," jirani akasema, "ulinifungia njia ya maji machafu mwaka mzima, sasa waja kutaka masafi?" Kisha akageukia wageni wake. "Mnakaa mnatazama nini? Inukeni! Chukueni ndoo!" Nami akaninyooshea kidole. "Lakini pilau ikiingia chumvi, utasimama wewe mlangoni kwangu uwaambie wageni kwa nini."

"Nitasimama."

Wakatoka wote, shangazi na makungwi, leso zimekazwa viunoni, wakajipanga kutoka uani kwake mpaka kiwanjani, ndoo zikipita mkono kwa mkono. Mmoja akaanzisha vigelegele, wengine wakaitikia, na mafundi juu ya slabu wakaanza kupiga sepetu kwa mdundo ule ule. Injinia aliporudi kutoka kula alisimama akashangaa. Akaliendea pipa, akachota kwa kiganja, akaonja. Safari hii alimeza.

Jua halijazama, pembe ya mwisho ikasawazishwa. Yule kijana alitembea juu ya mbao kuizunguka yote, akashuka, akatoa kalamu, akatia sahihi. Mume wangu alikaa chini juu ya mfuko mtupu wa simiti akajifunika uso kwa mikono. Nilimwacha. Nami nilikuwa nikilia, tena kwa sauti, wala sikujali nani ananiona.

Na Jumapili nilisimama mlangoni. Pilau ilipikwa kwa maji ya kisima cha mtaa wa pili, na licha ya wapishi kutotia hata punje ya chumvi, ilikuwa na chumvi ya kumfanya mtu afinye jicho. Kila mgeni aliyeingia nilimwambia, "Karibu, pilau ina chumvi, maji yake yako juu ya wodi." Wengine walidhani nimechanganyikiwa. Walipoelezwa walikula, wakaomba waongezwe. Jirani alipita nyuma yangu na sinia akaniambia, "Sema kwa sauti, hao wa Mtongwe hawajasikia."

Serikali imegeuza mambo mara nyingi tangu hapo. Walikuja kuwapanga makontrakta kwa madaraja, wakaja na masharti mengine, miaka ya tisini wakayabadili tena, na kila wakifuta majina, la mume wangu lilibaki. Alijenga madarasa Kisauni, akajenga choo cha soko Changamwe, na popote alipokwenda jambo la kwanza alikuwa akionja maji.

Lakini mimi narudi kwenye wodi. Haukupita muda mrefu yule bi harusi akashikwa na uchungu, akatembea kwa miguu yake, mamake upande huu, mimi upande huu, mpaka kitandani. Nje mvua ya masika ilikuwa inapiga kama imetumwa. Akajifungua salama, mtoto wa kike. Alipokwisha kupumzika, mamake akamwinamia.

"Mwanangu, tazama juu."

Akatazama. Dari lilikuwa jeupe, kavu.

"Ile ndiyo pilau ya harusi yako."

Binti akalitazama sana, mtoto kifuani. "Hiyo nayo ina chumvi, mama?"

"Hata chembe," jirani yangu akasema, na akanishika mkono.