Maharagwe Yanalala Wapi

Mimi sikuzaliwa mtu wa kukaa kitako, na tulipohamia mjini, mtaa wa Kadutu, nilizidi. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Maharagwe niliyouza sokoni yalijaa hadi chini ya kitanda, na kila asubuhi mume wangu, seremala, alijikwaa kwenye magunia akayasukuma kwa mguu. Nikataka depo, kichumba cha kuwekea vitu nyuma ya nyumba. Matofali tulikuwa nayo. Kilichokosekana ni karatasi ya ruhusa, maana enzi ile ya Wabelgiji hukusimamisha hata kibanda cha kuku bila ofisi kujua.

Mume wangu aliandika barua, mimi nikimtajia maneno: tunaomba kujenga depo, magunia yetu yapate kulala mule. Kwetu ndivyo tunavyosema. Gari linalala Uvira, ndoo inalala nje. Lakini ofisini mtu aliigeuza barua kwa Kifaransa, na kulala kukawa kufumba macho. Wiki iliyofuata akaja karani na utepe wake wa kupimia, Mkongo mwenzetu, uso ameukunja.

"Nani atalala mule, maman?"

"Maharagwe, papa."

"Maharagwe inalalaka?"

"Inalalaka. Na haikoromaka."

Hakucheka. Alitueleza sheria: depo ni ya vitu, haina dirisha. Ikiwa na dirisha ni nyumba, na nyumba ya pili katika kiwanja kimoja inabomolewa. Mume wangu akatia sahihi kwamba hakuna mtu atakayelala mule, karatasi ikatoka, tukajenga.

Mwezi haukuisha, mama yangu, mjane, akashuka kutoka Kabare na kikohozi. Nilifurahi mpaka nilipomtafutia mahali pa kulala. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Hata mlangoni hawapishani bila kugeuza uso. Mume wangu alitoka akaenda kuranda ubao aliokwisha kuuranda jana. Mama hakumuuliza mtu. Alichukua mkeka, akasogeza magunia mawili, akajifungia ndani ya depo.

Siku zilizofuata sikutulia. Kila kiatu kilichopita barabarani kilikuwa cha karani. Nilifagia ua, nikaufagia tena, nikasahau sufuria motoni. Wakibomoa depo, mama angerudi mlimani kwenye nyumba isiyo na mtu, na nilijua hangeshuka tena. Nilichukia sheria, nikachukia desturi, nikamchukia hata mume wangu asiye na kosa. Na mule ndani, bila dirisha, kikohozi kilizidi.

Asubuhi moja karani akaja kukagua. Alipima urefu, akapima upana. Alipofika mlangoni, mama akakohoa.

"Nani iko mule?"

"Maharagwe, papa."

Mama akakohoa tena, safari hii kwa muda mrefu. Karani aliitazama fimbo ya mama ya kutembelea, iliyoegemea ukuta. Kisha akamtazama mume wangu, aliyekuwa amesimama mbali kabisa, randa mkononi, ametugeuzia mgongo.

"Hii maharagwe ni ya upande gani?" aliuliza polepole. "Ya kwako ao ya bwana?"

"Ya kwangu."

Alikunja utepe wake, akautia mfukoni.

"Ya muke wangu ilikuyaka kututembelea mwaka jana," alisema. "Ililala mu jikoni." Akashusha sauti. "Mutoboe tundu huku nyuma, upande wa migomba. Miye napimaka mbele tu."

Karani hajafika barabarani, mume wangu alikwisha kuchukua patasi. Yalipotoka matofali mawili, mkono wa mama ukajitokeza, ukapapasa hewa. Mume wangu akageuza uso, kama inavyopasa, na huku akitazama migomba akaweka kikombe cha maji ukingoni mwa tundu.