Krimu ya Werugha Haikufika Voi

Enzi zetu krimu haikukaa ndani ya mkebe ikingoja kubonyezwa kichwa itoe povu. Siku hizi binti yangu hunipeleka kwenye mkahawa mmoja hapa Voi, anaagiza kipande cha keki cha ukubwa wa kiberiti, juu yake wamemimina povu jeupe refu kuliko keki yenyewe, kisha haili. Anapiga picha. Anageuza sahani, anapiga nyingine. Anapokumbuka kwamba kuna uma mezani, joto la Voi limeshafanya kazi yake na povu limekuwa maji. "Mathe, hii ni homemade," ananiambia. Nami nanyamaza kwa heshima, maana bila shaka kuna mama mahali fulani anayekamua mikebe kila asubuhi.

Sisi tuliokulia kwota za reli, zile nyumba za wafanyakazi hapa Voi, hatukuwa wastaarabu kiasi hicho. Chakula kikija kilikuwa kinaliwa. Tukitaka kukitazama tu, tulicheza kalongolongo nyuma ya nyumba: udongo mwekundu tunaukanda na maji ya mfereji, tunaukandamiza ndani ya vifuniko vya mikebe ya mafuta ya Kimbo, tunaianika keki juani, halafu juu tunanyunyiza majivu ya jiko, eti ndiyo krimu. Mdogo wangu alikula moja siku moja na hakuna aliyempigia daktari. Alipewa maji akaambiwa aende akacheze.

Krimu yenyewe tuliijua kwa sababu mama yetu alikuwa na balaa moja: alisoma sayansi kimu. Alizaliwa Werugha, kule juu kwenye milima ya Taita ambako ukiamka unaona pumzi yako, na shuleni kwao mwalimu fulani aliwafundisha wasichana kupamba keki kwa krimu ya kupigwa, somo muhimu sana kwa watu waliokuwa wakienda kuishi na mahindi na maharage. Mama alilishika somo lile kama watu wengine wanavyoshika dini. Alikuwa na daftari la mapishi lenye jalada la kaki, na lilikaa sandukuni pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo.

Keki aliipika ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Harufu ya vanila ilikuwa ikitembea kwota nzima, na majirani ambao wiki nzima hawakutusalimu walianza kukumbuka kwamba walitaka kuazima chumvi. Sisi tulikaa tumezunguka jiko tukitokwa na jasho, na ole wako unyooshe mkono. "Keki haipendi kuchunguliwa," Mama alikuwa akisema, na mwiko ulikuwa karibu kuthibitisha.

Lakini krimu ilikuwa ya likizo tu, kwa nyanya yetu Werugha, mamake Mama. Jioni maziwa ya ng'ombe wake yalimiminwa kwenye beseni pana na kuachwa baridini. Asubuhi juu yake palikuwa na utandu mzito wa rangi ya manjano hafifu. Nyanya aliuengua kwa kijiko, polepole, akautia ndani ya bakuli, kisha tulipewa uma mbili zilizofungwa pamoja kwa uzi. Hiyo ndiyo iliyokuwa mashine yetu ya umeme. Unapiga mpaka bega linawaka, unahamia mkono mwingine, unapiga tena, na ghafla kitu kile kinakuwa kizito, kinasimama chenyewe, cheupe na laini. Tuliila juu ya keki, juu ya ndizi, juu ya papai na karakara. Binamu yangu aliila juu ya githeri na hakuna aliyemlaumu.

Voi haikuwezekana. Mama alijaribu mara moja, mwezi wa pili, akapiga na kupiga hadi akapata supu yenye sukari. Akasema kwa kizungu cha daftari lake kwamba "temperature" haikumruhusu. Baba akainywa na chapati.

Sasa, Baba alikuwa mtu wa Bungoma, na kazi yake stesheni ilikuwa kuhakikisha treni mbili hazikutani kwenye reli moja. Alikuwa hodari sana wa kazi hiyo. Kwa wanawake wawili hakufua dafu. Mama yake, tuliyemwita Kukhu, hakuwahi kukubali kwamba kijana wake alitoka Bungoma, akapita wasichana wote waliojipanga kutoka huko hadi Nairobi, akaenda kuoa Mtaita. Kwa miaka kumi na miwili hakuja kututembelea. Kisha ikaja barua, iliyoandikwa na mjukuu kwa niaba yake, na Baba aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Kukhu anakuja. Anataka kuona mwanawe anakula nini. Na kama hataridhika, mke na watoto watarudi naye Bungoma, mke akakae kwenye boma afundishwe kupika, na Baba abaki kwota peke yake kama wafanyakazi wenzake wengi walivyokuwa.

Havikuwa vitisho vitupu. Nyumba tatu katika mstari wetu zilikuwa na baba tu, wake zao wakiwa magharibi wakilima, na wanaume wale walikuwa wakioneana haya kila jioni wakichambua sukuma wiki. Usiku ule nilimsikia Baba akisema, "Mama ni Mama." Mama yangu alizima taa. Nami nililala nikiwaza shule yangu, marafiki zangu, na baba yangu akichambua sukuma. Niliogopa kwelikweli.

Mtu mwenye akili timamu angemchinjia Kukhu kuku, akamsongea ugali mgumu, akakaa kimya. Mama alikataa. "Kuku na ugali ni vya kwao," aliniambia. "Hapo ananishinda hata kabla sijawasha jiko. Nitampa kitu ambacho hajawahi kukiona." Unajua ni kitu gani.

Mpango aliupanga yeye mwenyewe, na aliyesomea sayansi kimu hashauriwi. Kama krimu haisimami Voi, basi itasimama Werugha na kuteremshwa ikiwa imesimama. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nikapelekwa kwa Nyanya na thermos mpya yenye mdomo mpana. Tuliamka alfajiri, baridi inauma masikio, tukapiga krimu kwa zamu hadi ikasimama vizuri kuliko siku yoyote ninayoikumbuka. Nyanya akaitia kwenye thermos ile hadi nusu na kidogo, akafunga.

"Mbona hujaijaza, Nyanya?"

"Ukiijaza inabanwa. Lazima iachiwe nafasi."

Nyanya alikuwa ametikisa maziwa ndani ya kibuyu tangu akiwa msichana, na kila siku ya maisha yake alikiachia kibuyu nafasi ileile ili siagi itoke. Mikono yake ilijua kiasi hicho tu. Wala yeye wala mimi hatukusimama kufikiri. Nilipanda lori la kabichi la jirani yake, nikakaa mbele karibu na dereva, thermos nimeipakata.

Kutoka Werugha ni mawe. Baada ya mawe ni kona, moja baada ya nyingine, unateremka masikio yameziba. Dereva yule alikuwa na haraka ya soko la Mombasa na aliziheshimu kona kama vijana wa leo wanavyowaheshimu wazazi. Thermos niliishika kwa mikono miwili. Sikuifungua, sikuichezea, sikuilalia. Nilijivuna sana njia nzima.

Nilipofika nyumbani, Kukhu alikuwa ameshateremka kwenye treni na amekaa kwenye kochi zuri, leso kichwani, akikagua dari. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye macho ambayo yalikuwa yanakuongezea makosa. Alinipa mkono, akanishika mkono wa juu, akaupima kwa vidole. "Huyu analishwa?" akamuuliza Baba. Baba akacheka kicheko cha mtu anayetafuta mlango.

Mama alikuwa jikoni na keki imeshatoka, matunda yamekatwa, bakuli za glasi za harusi zimepangwa. Alipokea thermos kwa mikono miwili, akafungua. Akachungulia ndani muda mrefu. Kisha akaiinamisha juu ya bakuli, na likatoka donge kubwa la manjano, tubwi, na nyuma yake maji meupe.

"Umeitikisa?"

"Sijaitikisa, Mama. Lori ndilo."

Nilitegemea mwiko. Badala yake aliketi kwenye kigoda, akaficha uso kwenye kanga yake, na mabega yakaanza kumtikisika. Sikuwa nimewahi kumwona mama yangu akilia. Nilitaka kukimbilia reli nikapande treni yoyote itakayopita.

Kukhu ndipo akaingia. Hakubisha hodi, maana kwake jiko la mwanawe ni jiko lake. Alimtazama Mama, akanitazama mimi, akatazama bakuli. Akachovya kidole, akalamba.

"Hii nani ametikisa?"

Hapo Mama angeweza kujibu, "Mimi," na mambo yangeishia hapo. Nilimwombea aseme hivyo. Lakini sayansi kimu haikumfundisha uongo. "Ilikuwa krimu, Mama," alisema, pua imejaa. "Nilitaka kukupa krimu. Imeharibika."

"Siagi haijaharibika," Kukhu akasema, neno krimu likiwa limempita kushoto. "Iliyoharibika ni hiyo sura yako. Simama. Lete maji baridi na chumvi."

Akakunja mikono ya gauni lake. Aliiosha siagi ile maji matatu, akaikanda kwa kijiko cha mti hadi maji yote yakatoka, akatia chumvi, akamwonyesha Mama jinsi ya kuibonyeza isiache tone. Mama alijua yote hayo tangu utotoni, lakini aliibonyeza kama mtu anayeonyeshwa mara ya kwanza. Kisha Kukhu akakata keki ikiwa bado moto, akaipaka siagi hadi ikayeyuka na kuingia ndani, akala kipande cha kwanza akiwa amesimama, cha pili akiwa ameketi, na cha tatu akamwambia Mama amletee kule sebuleni pamoja na chai. Matunda yaliyopangwa kwenye bakuli za harusi hakuyagusa. Aliuliza kama ni ya watoto.

Alikaa siku tano. Siku ya kuondoka, Baba akiwa na kofia ya kazi mkononi, Kukhu alitoa hukumu yake stesheni mbele ya watu. "Nilifikiri mwanangu anaishi kwa mkate wa dukani. Kumbe huyu anatikisa maziwa nyumbani, kama sisi. Wakae." Akapanda treni. Mama alipunga mkono hadi behewa la mwisho likapotea, na mimi nililia kwa furaha hadi nikaambiwa nisijiaibishe.

Basi tukabaki. Na kwa miaka yote iliyofuata, kila Desemba, mama yangu mwenye daftari la mapishi alikuwa akituma Bungoma siagi ya kutikisa, maana sifa ulizopewa hazirudishwi. Krimu hakumpelekea kamwe. Kukhu alikuwa akiwaambia watu wa kwao kwamba yule Mtaita ana mkono wa siagi, na barua zikija Baba alikuwa akizisoma kwa sauti kubwa, na Mama alikuwa akitabasamu na kuondoka kwenda kuangalia jiko.

Sasa Kukhu amelala kwao miaka mingi, na Baba naye. Siku hizi kila kitu ni rahisi, hata sijui vijana wanachoka na nini. Nina friji. Nina mashine ya kupigia yenye vifungo vitano, ambavyo vinne sivijui kazi yake. Krimu inakuja kwenye pakiti kutoka dukani, na hapa hapa Voi, mwezi wa pili, inasimama kwa dakika tatu bila bega la mtu kuwaka moto. Binti yangu anasema hiyo pia ni kazi nyingi, kuna mtu mtandaoni anayeileta mlangoni na pikipiki.

Jumapili iliyopita nilimpigia Mama krimu. Anaishi nami sasa, miguu imemkataa lakini ulimi bado. Nilimwekea keki, papai na karakara, krimu juu, kwenye bakuli la glasi. Alikula polepole hadi akamaliza, akafuta mdomo kwa pembe ya kanga.

"Kukhu wako angeipenda hii," akasema. Kisha akafikiri. "Hapana. Angesema ni povu."

Tulicheka sana, hadi binti yangu akainua macho kwenye simu kuuliza kuna nini. Halafu Mama akaangalia bakuli tupu.

"Lakini ningalipenda aseme hivyo akiwa ameionja," akasema.