Chupa ya Maziwa Kwenye Sheli ya Kabuku

Juzi nilikuwa kwenye sheli moja ya Kabuku ilipoingia pikipiki nyekundu ya mashindano, ndogo, inalia kama nyuki na kutoa moshi wa bluu. Aliyeiendesha ni mama mwenye ushungi chini ya helmeti. Herufi L mbele ilitutangazia kwamba bado anajifunza.

Vijana wa bodaboda wakamzunguka. "Shikamoo mama. Umeinunua lini hii?"

"Marahaba. Jumamosi."

"Basi umepigwa. Injini inayotoa moshi hivi imekwisha. Ifungue leo leo, ubadilishe pistoni."

"Ahsanteni wanangu," akasema, akazima.

Muuza mafuta akaleta bomba. Mama akamzuia kwa kiganja, akatoa mkobani chupa ya kunyonyeshea mtoto, ile yenye mistari ya vipimo, imejaa oili. Akaiinua usawa wa macho, akamimina kwenye tangi hadi mstari alioutaka. "Sasa weka petroli." Kisha akaitikisa pikipiki taratibu, huku na huku, kama anayebembeleza kichanga.

"Za kwenu zina oili yake chini," akawaambia. "Hii inakunywa oili na petroli pamoja, ndiyo maana inatoa moshi. Siku moshi ukikatika, ndipo mje kunipa pole."

Akapiga kiki mara moja, akashika njia ya Korogwe.

Nikabaki na wale mabingwa wa pistoni ndani ya moshi wake. Ulinukia. Tuliuvuta kama ubani, na hakuna aliyejipepea.