Kumbikumbi Hang'olewi Miguu

Ukimuuliza Jovina anafanya kazi gani atakwambia, "Naandika." Ukimuuliza anaandika nini, hapo ndipo maelezo yanapokuwa marefu. Mchana anaandika programu za kompyuta kwenye kampuni moja ndogo ya Sinza, ghorofa ya pili, juu ya gesti. Ni programu za maduka ya dawa, zile zinazomwambia muuzaji dawa gani imebaki na ipi inakaribia kuisha muda. Jioni akirudi chumbani kwake Mwananyamala, akishakoga na kubandika chai, anaandika habari za hiyo hiyo kazi ya mchana. Anaziweka kwenye blogu yake, inaitwa Kambani.

Si blogu ya watu wengi. Wanaoisoma ni vijana wanaojifunza programu wenyewe kwa simu, mafundi simu wa Temeke, na watu wa kazi kama yake wanaotaka kujua kama na wenzao wanateseka. Jovina haandiki kama mwalimu. Anaandika alivyokosea. Aliwahi kuandika jinsi programu yake ilivyoliambia duka zima la dawa kwamba kila kitu kimeisha muda, hadi pamba. Aliwahi kuandika habari za bosi wao, Edgar, bila kumtaja: "Bosi akisema 'ni kitu kidogo tu hicho, ongeza', we piga simu nyumbani waambie wale tu, wasikusubiri." Watu wakacheka, na Edgar naye akacheka, hakujua ni yeye.

Jina la Kambani lilitokana na nguo. Jovina ni Muhaya wa Bukoba, Kiswahili amekikuta shuleni. Rumaisa, mwenzake wa meza ya pili pale ofisini, amezaliwa Kipawa kwenye nyumba ya wenye duka, Waarabu wa zamani, na Kiswahili chake kinateleza. Jumapili moja Rumaisa alikuja kumtembelea Mwananyamala. Jovina alikuwa ameanika nguo uani, wingu likaja jeusi ghafla.

"Jovina, anua nguo!" Rumaisa akapiga kelele kutoka barazani.

Jovina akakimbia, akashika ule mti unaoshikilia kamba, akauinua juu kabisa.

"Anua, we! Mvua hiyo!"

"Si nimeinua! Niinue mpaka wapi?"

Rumaisa alikaa chini kwa kucheka. Nguo zikaloa zote. Alipopata pumzi akamweleza kwamba kuanua ni kutoa kambani kile ulichoanika, na Jovina akasema kwao wanatoa nguo kambani na maisha yanaendelea. Lakini neno lilimkaa. Kesho yake ofisini, programu yake ilipopelekwa kwa wateja na kuanza kuleta vituko, akajikuta amesema, "Jamani, tuianue." Tangu siku hiyo pale ofisini kuipeleka programu kwa wateja kukaitwa kuanika, na kuirudisha ndani kukaitwa kuanua. Isack, kijana wa mezani kwao mwenye mdomo, kila mfumo ukigoma anasimama juu ya kiti: "Anua! Anua! Mvua hiyo!"

Na urafiki ukashika hapo. Jovina akimaliza kuandika, haanzi kwa kuanika. Anaweka kwanza kwenye kapu. Kapu ni sehemu yao ya siri mtandaoni, ufunguo wake wanao wawili tu. Halafu anamtumia Rumaisa ujumbe: "Nimetia kapuni, nipigie pasi." Rumaisa anapitia, anatoa mikunjo. Hapa umesema hivi, sema vile. Hapa umerudia. Jovina akisoma tena anaona maneno ni yake yale yale ila yamesimama wima. Alikuwa akisema, mtu akikupigia pasi nguo zako za ndani na asicheke, huyo ni ndugu.

Kulikuwa na habari moja kapuni ambayo haikuanikwa. Ilikuwa ya mama yake.

Ilianza kama habari ya kazi. Alitaka kueleza kwamba kosa kwenye programu, yule wanayemwita mdudu, hakimbizwi. Unawasha taa. Unaiagiza programu iseme kila mahali inapopita, unakaa kimya, na mdudu anajileta. Ndivyo alivyoona mama yake akikamata senene, wale panzi wa kwao wanaoliwa. Mama anawasha karabai, yeye Jovina mdogo anashikilia bati, wanatulia, na senene wanakuja wenyewe wanagonga bati wanaanguka. Baadaye wanakaa chini wanawang'oa miguu na mabawa, mmoja mmoja, mpaka vidole vinanuka.

Basi kalamu ikamvuta. Akaandika na kile ambacho hakikusemwa kwao. Kwamba mama alikuwa mke wa mwalimu mkuu na kiongozi wa kwaya, na baba alipoondoka na mwanamke mwingine, mama aliwaambia watu baba yuko masomoni. Kwamba asubuhi mama alikuwa anasema anakwenda kwenye maombi, kumbe anapanda gari mpaka stendi ya mbali asikojulikana, kanga imeshuka mpaka kwenye nyusi, anauza senene kwa wasafiri madirishani. Hakuna jirani aliyejua. Watoto walilelewa na senene na watu wakaamini ni mshahara wa baba.

Alipomaliza alilia kidogo, akaweka kapuni, akaandika juu yake: "Hii bado. Mpaka mama aseme ndiyo." Rumaisa akaipiga pasi, akamjibu, "Shoga, umeniliza. Haya, tumsubiri mama." Jovina kila akipiga simu Bukoba anataka kuomba ruhusa, anaishia kuuliza habari za kahawa na migomba.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka Edgar alipotaka kampuni nayo iwe na blogu. Akaiita Sauti Zetu. Akaangalia watu wake, akasema Rumaisa ataiandika maana Kiswahili chake kimenyooka. Jovina alifurahi kwa dhati. Alinunua sambusa akaleta ofisini.

Siku iliyofuatia wikiendi, Isack aliinua kichwa kutoka kwenye simu.

"Sista Jovina, umeiona ya Rumaisa? Watu wanalia huko. Mie mwenyewe nimelia, na mie huwaga silii."

"Ya nini?"

"Ya mama yake. Sijui kumbikumbi, sijui taa. Mama kauza kumbikumbi stendi amejifunika kanga. Mtu unakaa naye kila siku hujui kapitia nini!"

Jovina akafungua. Jina la Rumaisa lilikuwa juu, na picha yake akitabasamu. Chini yake kulikuwa na mama yake Jovina. Karabai ilikuwepo. Bati lilikuwepo. Kanga mpaka kwenye nyusi ilikuwepo. Bukoba ilikuwa imetolewa, pamewekwa "kijijini kwetu". Kwaya imetolewa. Senene wametolewa wote, pamewekwa kumbikumbi, maana nani atamwamini mtoto wa Kipawa na senene? Lakini ile sentensi ya vidole ilibaki kama ilivyokuwa: tulikaa chini tukiwang'oa miguu na mabawa, mmoja mmoja, mpaka vidole vinanuka.

Kumbikumbi mabawa yanamdondoka mwenyewe. Miguu yake hakuna anayehangaika nayo. Jovina aliisoma ile sentensi akajisikia kama mtu aliyekutana na gauni lake sokoni, limevaliwa na mwingine, na kiraka chake kipo pale pale.

Rumaisa hakuwa mezani. Jovina akamkuta juu ya paa, kule gesti wanakoanika mashuka. Alikuwa amesimama katikati ya mashuka meupe na simu mkononi.

"Umeisoma," Rumaisa akasema kabla hajasalimiwa.

"Nimemsoma mama yangu."

"Jovina, nisikilize—"

"Niliandika pale, bado. Uliona nimeandika bado?"

"Niliona. Nimekaa mbele ya ile kompyuta siku baada ya siku, Edgar ananiuliza, iko wapi, iko wapi. Mie nina nini cha kuandika? Nimekulia dukani, nimepimia watu sukari, nimeolewa, nimeachika, basi! Wewe kila ulichopitia kina maneno." Akafuta jicho kwa ncha ya mtandio. "Na wewe ulikuwa hutaianika kabisa. Ungekufa nayo mle kapuni."

"Ni yangu kufa nayo."

"Yako? Nani aliyeipiga pasi? Kila sentensi mle imepita mikononi mwangu. Hata hilo neno kuanua unalojidai nalo, nani alikupa? Ulikuwa unainua mti wewe!"

Walikuwa wameucheka ule mti mara nyingi wote wawili. Jovina alimwangalia, akaona kumbe mwenzake alikuwa ameuweka mahali, anausubiria siku yake.

"Kesho kila mtu atajua ni ya nani," akasema. "Kapu lina tarehe zote."

Akashuka ngazi. Isack alipomwona uso wake aliuliza, akaambiwa yote, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Alisema tu, "Yaani Rumaisa? Rumaisa huyu huyu?" Halafu akamwambia andika leo leo, usimpe nafasi, mambo yako wazi. Na kweli mambo yalikuwa yanajiweka wazi yenyewe. Chini ya ile habari, msomaji mmoja jina lake Kornelio alikuwa ameandika: "Dada, kumbikumbi hang'olewi miguu. Huyo ni senene. Hii habari ni ya Muhaya, mwenyewe yuko wapi?" Watu wa Kagera, mkoa wa kwao Jovina, wakaja nyuma yake wakicheka, wanaulizana, wanatumiana kwenye makundi yao.

Mwenyewe alikuwa Mwananyamala, ameshafungua ukurasa mpya wa Kambani. Alikuwa ameandika kichwa cha habari na mstari mmoja. Ndipo simu ya mama ikaingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmeshindaje huko?" Mama hakusubiri jibu. "Jovina, kuna mwanamke wa huko kwenu ameandika. Wametuma kwenye kundi la kwaya, mwenzangu Editha kanisomea. Mwanamke anauza wadudu stendi, amejifunika kanga."

Jovina akakaa kitandani.

"Nilitetemeka mpaka Editha akaniuliza unaumwa? Nikasema moyoni, ni Jovina huyu. Ameniona wakati ule, alikuwa mdogo lakini aliona, sasa amenianika mbele ya watu." Mama akavuta pumzi. "Halafu nikasikia ni kumbikumbi. Nikasikia na jina la mwandishi, la Kiarabu. Nikasema asante Mungu, kumbe tulikuwa wengi. Wenzangu wanacheka kumbikumbi kung'olewa miguu, na mimi nikacheka nao." Akashusha sauti. "Si wewe, eti?"

Kompyuta ilikuwa pale juu ya stuli, na mstari wake mmoja: Ile habari ni yangu, na yule ni mama yangu.

"Si mimi, mama."

"Nilijua. Wewe huwezi."

Waliongea na habari za kahawa. Simu ilipokatika Jovina alifuta ule mstari, na kichwa cha habari nacho akakifuta. Alikaa akiangalia pale palipobaki peupe. Kuibiwa alikuwa ameshaibiwa. Sasa mwenyewe, kwa kinywa chake, alikuwa ameikana mali yake, na mama akafurahi. Hilo ndilo lililomuuma, kwamba uongo wa Rumaisa ndio uliokuwa umemfunika mama yake kuliko kanga.

Asubuhi Rumaisa alikuwa anamsubiri chini, kwenye mlango wa gesti. Macho yamevimba.

"Sikulala," akasema. "Nimeamua. Namwambia Edgar kila kitu. Naandika jina lako pale juu, na senene nawarudisha, na Bukoba. Nisamehe, Jovina. Ni shetani tu."

"Ukiandika jina langu pale, usinijue tena."

Rumaisa akamzibia mlango. "Si ndicho ulichotaka? Basi niianue yote. Naianua sasa hivi."

"Ikianuliwa leo wataulizana zaidi imeanuliwa kwa nini, ilikuwa ya nani. Iache hapo hapo ilipo. Ni yako."

"Siitaki!"

"Ni yako na kumbikumbi wako. Wakikuuliza habari ya miguu, jibu mwenyewe."

Akampita akapanda ngazi. Rumaisa alimwita kwa jina, kisha akamwita shoga, Jovina hakugeuka. Ofisini Edgar alikuwa anapiga makofi, anasema Sauti Zetu imesomwa kuliko chochote walichowahi kutoa, Rumaisa atuletee nyingine kama ile, ni kitu kidogo tu. Isack alimtazama Jovina amwone atasema nini. Jovina aliwasha kompyuta yake. Kitu cha kwanza alichofanya ni kubadilisha ufunguo wa kapu.

Jumamosi Kambani ikapata habari mpya. Ilikuwa fupi, ya kazi tu, jinsi programu ya duka la dawa ilivyokataa kufunga hesabu ya siku na yeye akashindwa kujua kwa nini. Haikupigwa pasi. Neno moja limerudiwa mara nyingi, sentensi moja ilianza ikasahau kwisha, na kuna mahali kiwakilishi kimegombana na kitenzi. Wasomaji wa siku zote walishangaa wakauliza, dada leo vipi, umeandika unakimbia?

Mwishoni, pale ambapo siku zote angesema programu imeanuliwa, alikuwa ameandika kama wanavyosema kwao: Nimeitoa kambani.

Rumaisa aliisoma akiwa dukani kwao Kipawa. Akalitafuta lile neno lake tangu juu mpaka chini, hakulikuta.