Kompyuta Imefuta Kigelegele cha Bibi

Jamani, leo nimejaza watu kwa Bibi bila kualika mtu!

Niko kijijini kwa Bibi, Nshamba, na utafiti wangu wa programu inayogeuza nyimbo za zamani kuwa nota.

Nikamwekea Bibi rekodi ya zamani ya kwaya aliyoimba enzi za vijiji vya ujamaa, baada ya kompyuta kuisafisha kelele.

Akakunja uso. "Mbona mimi simo humu?"

Kumbe ile "kelele" iliyofutwa na programu ni kigelegele chake! 😂

Nikamwomba akipige upya.

Weee! Majirani wakatoka migombani mbio: "Nani anaolewa?"

"Hakuna harusi," Bibi akawajibu. "Ila mmeshafika, imbeni!"

Wakaimba! Mzee mmoja, aliyekuwa besi wa kwaya ile, aliimba huku machozi yanamtoka.

Nimerekodi yote, na safari hii kompyuta haifuti kitu!

Nani mwingine ana bibi wa hivi?