Samaki wa Nyuzi Katika Soko la Kenya

Mama Claudine Chanda hakuwahi kuiona bahari, lakini bahari ndiyo iliyomlisha. Tangu ujana aliuza tomsoni wa barafu katika soko la mtaa wa Kenya, mjini Lubumbashi, samaki wanaoletwa kwa malori kutoka Namibia, na kicheko chake kilisikika kabla meza yake haijaonekana.

Asubuhi moja alipasua kartoni mpya, akakuta mgeni kati ya tomsoni: samaki mpana kama sahani, anayeng'aa kama bati jipya, mapezi yamerefuka kama nyuzi za kushonea.

"Tupa hiyo kintu!" Jirani yake wa meza, mwanamke aitwaye Mimi, akapiga kelele. "Iko samaki ya bulozi!"

"Bulozi gani ya kusafiri ndani ya barafu?" Claudine akacheka, akamlaza mgeni juu ya wenzake. Watu wakaja kushangaa, na waliokuja kushangaa wakanunua.

Mmoja wao alikuwa Adrien, mwalimu wa chuo kikuu anayefundisha habari za samaki wa mito. Akainama, akamgeuza samaki, kisha akakiri, "Mama, hata mi simujui huyu." Akampiga picha pamoja na maandishi ya kartoni, akamtumia rafiki yake anayechunguza samaki kule Namibia.

Kesho yake Adrien alirudi mbio, tai ya shingoni imerukia begani.

"Mama Claudine! Makao yake ni maji ya joto, Angola kwenda juu. Namibia hajawahi kuonekana! Bale bantu ya kule banamutaka, bamuchunguze. Iko wapi?"

Kicheko kikamkauka Claudine. Jana yake alikuwa amempeleka samaki huyo nyumbani, na nyumbani kulikuwa na Ruphin, mumewe, dereva mstaafu wa malori ya migodi ya Kambove. Tangu astaafu alipenda kupika, wala hakuacha kitu kilale bila kupikwa.

Wakakimbilia teksi. Walipoingia uani, harufu ya nyanya na vitunguu ikawapokea. Ruphin alikuwa amechutama mbele ya jiko la makaa, mwiko mkononi.

"Karibuni! Mumefika saa ya muzuri."

"Ruphin, ule samaki?"

"Njo huyu anachemka," akasema, akionyesha sufuria kwa mwiko.

Adrien akashika kichwa. Kisha akachungulia sufuriani, uso ukamfunguka. Samaki alikuwa mzima, kichwa hadi mkia.

"Papa Ruphin, usikoroge! Wanaweza kumtambua kwa mifupa."

Basi wakaketi kula, ugali wa bukari katikati. Kila mfupa ulinyonywa taratibu, ukapangwa kwenye sinia kama ulivyokuwa mwilini. Ruphin alipotaka kutafuna kichwa, kama desturi yake, Claudine akampiga mkono kwa kijiko.

"Huyu hapana, papa. Huyu iko ya masomo!"

Adrien alicheka mpaka akapaliwa.

Mifupa ikasafiri hadi Namibia. Baada ya miezi kadhaa wataalamu wakatoa makala yao: samaki huyo ameonekana kusini zaidi kuliko alikojulikana. Picha ilimwonyesha amelala mezani pa Claudine, jina la mama likiwa chini yake. Adrien akaisoma makala hiyo kwa sauti sokoni, na jirani yule, Mimi, ndiye aliyetangulia kupiga vigelegele.

"Banaandika kama iko mutamu?" Claudine akauliza.

"Hapana, mama."

"Basi kazi yabo haiyaisha."