Kwaya ya Mwalimu Caren

Mwalimu Caren hana subira na ujinga, na hilo ndilo lililonifanya nimpende. Tunafundisha pamoja katika shule ndogo huku mtaani Kabiria, madarasa yetu yakitenganishwa na ukuta wa mabati, kwa hivyo akifoka nasikia kila neno.

Kwao ni Kakamega, kwa Waluhya. Ngoma zake za isukuti, za kuchezea kwa mabega, alizileta mwenyewe: kubwa huitwa baba, ya kati mama, ndogo mtoto. Alipounda kwaya, baadhi ya wazazi Wakikuyu walinung'unika kwamba watoto wao hawakuletwa shule kutikisa mabega. Caren akawaambia mwenye shida aje atikise yeye. Hakuna aliyekuja. Kabla muhula haujaisha, Wachira, mvulana wa Kikuyu, alikuwa ameimudu ile ngoma ndogo, na Wangui, binti wa muuza mboga wa Kikuyu, akawa ndiye anayeanzisha wimbo. Kiluhya alichokiimba kilikuwa kimenyooka kuliko cha Ivyne, ambaye wazazi wake wametoka Kakamega lakini yeye, mzaliwa wa hapa, anajua salamu tu. Nawaambia, wale watoto hawakuwa wakiulizana kabila. Waliulizana nani amekosea mdundo.

Kisha tukaalikwa Spring Valley, kwenye shule ya matajiri, siku ya kukutanisha tamaduni kupitia sanaa. Mratibu alikuwa Bwana Macharia, kitambulisho shingoni, tabasamu la kuazima. Aliwatazama watoto wetu wakijipanga, akaanza kukunja uso.

"Mwalimu, hawa wamechanganyika," alisema.

"Ndiyo kwaya hiyo," Caren akajibu.

"Hapana. Wageni wetu wanataka kuona kila jamii na kitu yake. Waluhya wakae hapa na ngoma, Wakikuyu waende pale, watafutiwe wimbo yao. Sasa huyu msichana ni Mluhya?"

"Ni Wangui."

"Basi haiwezi. Itakuwa ni kuigiza tu."

Hata sasa nikikumbuka napandwa na hasira. Caren alimwambia wazi kwamba watoto waliochanganyika hivyo ndio tamaduni zinazokutana, kama kweli hilo ndilo alilowaitia watu. Macharia hakumsikiliza. Alipita katikati ya watoto akiwauliza mmoja mmoja, "Wewe ni kabila gani?" Waliojua walijibu. Wasiojua walisaidiwa na wenzao kubahatisha kwa jina. Alimtoa Wachira kwenye ngoma yake, akamshika Wangui bega na kumsogeza kule. Caren alimvuta Wangui kumrudisha, na mwalimu mkuu wetu, aliyetamani tualikwe tena, akamnong'oneza, "Madam, tafadhali, usituaibishe."

Caren akamwachilia. Sijawahi kumwona akiachilia kitu.

Ngoma mbili zikapigwa bila ya tatu. Ivyne akasukumwa mbele, akatoa sauti isiyo na maneno. Wageni walipiga makofi hata hivyo, wakapiga picha, na Macharia akatangaza kwamba watoto wetu wameonyesha umoja. Umoja! Nilitaka kumnyang'anya kile kipaza sauti.

Siku iliyofuata shuleni Caren alitoa ngoma uani kama kawaida na kuwaambia wajipange. Hakumwelekeza yeyote. Watoto walijipanga makundi mawili, Waluhya huku na Wakikuyu kule, na katikati wakaacha njia pana. Waliobaki nje ya makundi walikuwa wale wasiojua waende wapi, wakingoja kuambiwa.

"Wachira, kamata ngoma yako," Caren alisema.

Wachira alitazama chini. "Si yetu, mwalimu."

Nilitoka darasani kwangu nikasimama mlangoni. Caren alikuwa amesimama mikono kiunoni, na nilingoja afoke. Alimgeukia Wangui, akamwomba kwa sauti ndogo ambayo sikuijua kuwa anayo.

"Mama, anzisha wimbo."

"Aanzishe Ivyne," Wangui alisema. "Ni wa kwao."

Ivyne akafungua mdomo. Wenzake wakamngojea aanze, na hakuwa na hata neno la kwanza.